Mkono wa Kipimo

Wimbo ulipokwisha, hakuna aliyemtazama Mwalimu. Macho yote yalikwenda kwenye meza ndogo iliyokuwa mbele, chini ya taa. Hapo alikaa mama mmoja wa makamo, mkono wake wa kushoto ameulaza mezani, blauzi ameikunja mpaka juu ya kiwiko. Mwalimu alivaa miwani, akainama juu ya ule mkono kama fundi saa anayekagua saa iliyogoma.

"Hakuna kitu," alisema.

"Inama vizuri, Mwalimu," alisema mpiga kinanda kutoka kwenye kona yake. "Labda kuna unywele mmoja unaona haya."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. Mwenye mkono hakucheka wala hakununa. Aliuangalia mkono wake pale mezani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa auangalizie, akaishusha blauzi taratibu, akafunga kifungo.

Wote pale walimwita Kipimo. Walimwita hivyo kwa muda mrefu hata kazini, akiitwa jina lake, alichelewa kuitika. Zamani alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, mwimbaji wa kawaida tu, wa wale ambao wakikosa zoezi hakuna anayeuliza wako wapi. Ila mwili wake ulikuwa na jambo lake. Wimbo ukifika mahali fulani, malaika ya mikono yake, vile vinyweleo laini, yalisimama yote kwa pamoja na ngozi ikafanya vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mwalimu wa wakati ule, mzee mmoja mwenye macho makali, akaja kugundua kwamba mahali aliposisimka yule mama katika zoezi, ndipo hapo hapo waumini waliponyamaza siku ya ibada, wengine wakatoa leso. Basi akamtoa kwenye mstari, akamwekea meza na taa.

Tangu siku hizo hakuna wimbo uliopelekwa ibadani wala studio bila kupita mbele ya ule mkono. Malaika yakisimama, Kipimo aliinua kidole kimoja, na kila mtu akajua: ni hapa. Mahali pale palilindwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukohoa pale, wala kuvuta pumzi ovyo. Mwalimu wa sasa, ambaye mchana alikuwa fundi bomba, aliurithi utaratibu huo pamoja na funguo za ukumbi wa kanisa, na aliuamini kuliko alivyoamini masikio yake.

Wimbo waliokuwa wakiupima jioni ile aliutunga kaka yake Kipimo.

Kaka huyo alikuwa fundi rangi. Aliimba besi, mstari wa nyuma, begani kwa Ngurumo, mwanamume mwembamba kama ufito ambaye hakuna aliyeelewa ile sauti yake aliiweka wapi. Nota hakuijua, na hakuna aliyeijua katika kwaya ile. Wimbo aliutoa kichwani akawafundisha kwa mdomo, sauti baada ya sauti, jioni baada ya jioni, akiwa bado na rangi nyeupe kwenye kucha. Karibu na mwisho kulikuwa na maneno haya: "Nimechoka kuuliza njia, nishike mkono," halafu sauti zote zinyamaze, kimya kabisa, kisha besi peke yake iseme, chini sana, "twende." Hapo ndipo wengine waingie.

"Msiogope hicho kimya," aliwaambia. "Kikimbilieni polepole."

"Kaka, mtu anakimbilia vipi polepole?" mpiga kinanda aliuliza.

"Wewe cheza kinanda chako."

Kabla hawajaumaliza, aliugua. Alilala hospitali siku chache tu, nao wakaja kumzika. Kwaya ikaona ndiyo heshima ya pekee waliyoweza kumpa: wauimbe wimbo wake, wauweke kwenye santuri mpya waliyopangiwa kurekodi mwisho wa mwezi. Lakini kwanza upimwe, kama nyimbo zote.

Ulipopimwa mara ya kwanza, mkono ulilala. Mwalimu akasema labda unakwenda taratibu mno, akauongezea mwendo. Mkono ukalala. Akapandisha sauti. Akamwambia mpiga kinanda aujaze. Akaleta ngoma. Mwisho akakitazama kile kimya kabla ya "twende," akasema, "Hapa ndipo panapovuja," akakiziba kwa kinanda na makofi, kama alivyoziba mabomba ya watu mchana kutwa. Jioni hii walikuwa wameuimba hivyo, wenye makofi na ngoma, nao mkono ulikuwa umelala vile vile.

"Tutaonana Alhamisi," alisema Mwalimu, akivua miwani. "Nitawaza la kufanya."

Kipimo alikuwa anajua ugonjwa ulipo. Alijua tangu mwanzo.

Tangu msiba ule, hakuna kitu kilichomgusa. Siku ya mazishi alipokea wageni, alionyesha watu vyoo, aliwatafutia wazee viti vya kukalia kivulini. Alingoja kilio kije. Kila mmoja wa familia kilimfikia kwa zamu yake, yeye kikampita. Ilikuwa kama bomba lililokatiwa maji: unafungua, linapiga mluzi wa hewa, basi. Watu walisema, "Mama huyu ana moyo wa kiume," wakamsifu. Yeye akawaza: moyo wenyewe uko wapi.

Hakuwa na hasira na Mungu. Angekuwa nayo angalau angekuwa na kitu cha kumwambia. Asubuhi alisali, jioni alisali, maneno yote yakiwa mahali pake, kama vyombo vilivyopangwa kabatini katika nyumba isiyo na watu.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Humo mlikuwa na mashine za kufulia zilizonguruma kutwa, na pasi kubwa ya mvuke, yenye magurudumu mawili yaliyomeza shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande wa pili. Yeye na mwenzake walilipokea, mmoja pembe hizi, mwingine pembe zile, wakalikunja wakikutana katikati na kuachana, wakikutana na kuachana. Mwenzake alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, na mashine zilipokuwa zinanguruma alizungumza kwa kupaza sauti kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara.

"Shoga, wewe siku hizi umekuwa kama hili shuka. Umetoka kwenye pasi, umenyooka, huna hata kikunjo."

"Si vizuri kunyooka?"

"Kwa shuka ni vizuri. Mtu lazima awe na vikunjo."

"Vuta huko, linaburuzika."

"Ona sasa. Zamani ungenitukana kidogo."

Jumatano jioni alimkuta binti wa kaka yake kwenye ngazi ya nyumba, ameketi na mfuko wa maharage mapajani, anachambua. Waliishi ua mmoja: yeye chumba cha mbele, wifi yake na binti huyu vyumba viwili vya nyuma. Binti aliimba sauti ya kwanza. Alikuwa na umri wa kuolewa na ulimi wa kuachika, kama alivyozoea kusema baba yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Amelala. Kichwa." Binti alitupa jiwe dogo uani. "Shangazi, nina neno. Usinikasirikie."

"Sema."

"Mwambie Mwalimu auache ule wimbo."

Kipimo aliketi ngazi ya chini yake. "Kwa nini?"

"Kwa sababu wanamchezea baba yangu. Leo makofi, kesho watatia filimbi. Kama hauna kitu, hauna kitu. Baba alikuwa fundi rangi, si lazima awe mtunzi pia." Alisema kwa haraka, kama mtu aliyeyakariri njiani. "Mkono wako haudanganyi. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani Mungu anakupigia simu humo mkononi. Basi, kama mkono umekataa, umekataa. Wauache tu, wasiendelee kuupaka rangi juu ya rangi."

"Mama yako anasemaje?"

"Mama aliniuliza kama ni kweli wimbo wa mume wake ni mbaya. Nimwambie nini?"

Kipimo alichukua maharage kiganjani, akaanza kuchambua naye.

"Na halafu," binti aliendelea, "ule wa zamani wenyewe unapotea. Jana nilimwomba jirani yangu wa sauti ya pili anikumbushe walivyokuwa wakiimba pale kabla ya kimya. Akaimba kile cha makofi. Nikamwambia si hicho. Akasema ndicho. Tukabishana, mwisho hata mimi sikuwa na hakika. Haukuandikwa popote, Shangazi. Uko midomoni mwetu tu, na midomo yenyewe ndiyo hii."

Hapo Kipimo aliacha kuchambua. Aliwaza kwamba kaka yake alizikwa mara moja mbele ya macho yake naye akaonyesha watu vyoo, na sasa anazikwa mara ya pili, polepole, kila Jumanne na Alhamisi, na mkono wake ndio unaotupa udongo. Aliliwaza hilo waziwazi. Alingoja limuume. Halikumuuma. Lakini alijua kwamba ni baya, kama mtu mwenye mafua anavyojua kwamba chakula kimeungua ingawa hasikii harufu.

Kilichomfunga mdomo muda wote huo kilikuwa kimoja. Akisema kwamba mkono umekufa tangu msibani, watu watahesabu wenyewe: kaka wa tumbo moja amekwenda, na dada hakusikia kitu. Watasema hakumpenda. Na yeye hangekuwa na hata chozi moja la kuwaonyesha.

"Kesho usikose zoezini," alimwambia binti.

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Alhamisi Mwalimu alifika amevaa bado ovaroli ya kazi, magoti yamelowa. Aliwapanga watu, akakohoa, akasema wasimwone vibaya. Marehemu alikuwa ndugu yao wote. Lakini kwaya ina utaratibu wake, na studio haingoji. Ameona wauweke wimbo pembeni, labda mwakani wautazame tena. Badala yake watachukua wimbo mmoja wa mpiga kinanda.

Mpiga kinanda alijikuna shingo. "Mimi sikuomba," alisema. "Msije mkasema niliomba."

Binti wa kaka alitazama sakafu.

"Mwalimu," alisema Kipimo.

Haikuwa kawaida yake kusema. Mkono wake ndio uliokuwa msemaji. Mwalimu aligeuka.

"Kabla ya yote, naomba mniimbie ule wimbo wenu wa zamani. Ule wa ufunguzi."

Kila mtu aliujua. Ulikuwa wimbo wa kwanza kabisa kupimwa, na katika ubeti wake wa tatu mkono wa Kipimo haukuwahi kukosa. Wageni wakija kutembelea kwaya, waliimbiwa huo kusudi waone maajabu.

"Wa nini sasa?" aliuliza Mwalimu. "Ule umeshapita."

"Naomba tu, baba."

Wakauimba. Kipimo alikunja blauzi, akaulaza mkono chini ya taa. Waliuimba vizuri kuliko siku nyingi, kwa kuwa hawakuelewa na walikuwa na wasiwasi. Ubeti wa tatu ukafika. Mama mmoja wa sauti ya pili alianza kutabasamu kabla ya wakati, kwa mazoea. Ubeti ukapita. Mwalimu, mikono bado hewani, alishuka hatua moja, akainama, akasahau kuvaa miwani, akaivaa. Waimbaji walififia mmoja mmoja mpaka akabaki Ngurumo peke yake, naye akakata.

"Umeona," alisema Kipimo. "Wimbo wa kaka yangu hauna kosa mnalolijua ninyi wala mimi. Mkono ndio hausikii. Ungeletewa wimbo wowote, ungelala hivi hivi."

"Tangu lini?" aliuliza Ngurumo.

"Tangu msibani."

Ukumbi ulikuwa na mabati, na upepo uliyagusagusa. Mtu alisogeza kiti.

"Na hukusema?" Mwalimu aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama fundi aliyechimba ukuta mzima wa mtu kabla ya kuambiwa kwamba koki ilikuwa imefungwa nje. "Mama, mimi nimeukatakata wimbo wa watu."

"Sikusema. Niliona mtasema sikumpenda."

Mpiga kinanda, ambaye hakuwahi kukosa neno, alibonyeza kitufe cha kinanda kilichozimwa, kikatoa tu ule mlio mkavu wa plastiki.

"Dada," alisema hatimaye, na hakuwa anatania, "mimi baba yangu alipokufa nilikwenda kutazama mpira."

"Uwanjani?" aliuliza Ngurumo.

"Uwanjani. Na nilishangilia."

Watu wawili watatu walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena.

"Haya," alisema Mwalimu. Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya zoezini. "Basi tuambie wewe, kwa akili tu, achana na mkono. Wimbo wa kaka yako, kama alivyouacha yeye, ni mzuri?"

Wote walimtazama usoni. Hakukumbuka kama waliwahi kumtazama usoni pamoja namna ile. Binti wa kaka naye aliinua kichwa. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Kipimo alitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa ukutani gizani kutafuta swichi, akaona kwamba hakuna.

"Sijui," alisema. "Nisiwadanganye ndani ya nyumba ya Mungu. Wimbo wenyewe naukumbuka, lakini uzuri wake siujui. Itabidi msikilize wenyewe."

"Sisi tusikilize?" alisema mama wa sauti ya pili. "Sisi tunaimba."

"Ndiyo hivyo hivyo mkiimba."

Walianza kuujenga upya, na ilikuwa kazi ya kuchosha. Ngoma zilitoka, makofi yakatoka, mwendo ukarudi. Wa sauti ya kwanza walikuwa na yao kamili. Besi Ngurumo aliishika bila shaka, kwa kuwa aliipokea kutoka mdomoni mwa mwenyewe. Lakini sauti ya pili, pale kabla ya kimya, ilikuwa imeharibika. Mmoja alisema inapanda. Mwingine akasema inabaki pale pale. Wa tatu akasema marehemu aliwahi kuwafundisha zote mbili, akachagua moja, ila yeye hakumbuki ipi. Kipimo naye hakuwa na hakika. Alizikumbuka zote mbili na zote zilifanana na kaka yake. Mwisho walichagua ile inayobaki pale pale, kwa sababu ilikuwa rahisi, na wakajua kwamba huenda si yake.

"Atatusamehe," alisema Mwalimu. "Rangi nayo huwa hailingani na ya kwanza." Alisimama. "Haya. Mkifika kwenye kimya, nyamazeni kweli."

Wakaimba. Kipimo aliketi pale pale, blauzi imeshuka. Alisikia sauti zote nne. Alisikia mmoja wa sauti ya tatu akitangulia kidogo, na mtu wa nyuma akivuta kamasi. Wakafika kwenye "nishike mkono," wakakata. Kimya kikaingia ukumbini na kikakaa. Kilikaa muda mrefu kuliko kilivyopaswa. Mwalimu alikuwa ametoa ishara na hakuna aliyeingia. Ngurumo alisimama mdomo wazi, na pembeni yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo besi hawakuwahi kuibana. Halafu akasema, chini, "twende," kwa sauti iliyopasuka katikati kama ya mvulana, na wengine wakamfuata, wengine wakiwa wamechelewa.

Walipomaliza, waligeuka wote kwenye meza ndogo. Kisha wakakumbuka, wakabaki hawajui waangalie wapi. Wakatazamana.

"Mbona umechelewa?" Mwalimu alimuuliza Ngurumo.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Sijui. Niliogopa kuingia."

"Mimi nilidhani umeanguka," alisema mama wa sauti ya pili. "Moyo wangu umekwenda mbio huu, shika."

"Mimi sikusikia kitu," alisema kijana mmoja wa sauti ya tatu. "Nasema ukweli. Nilikuwa nahesabu."

"Wewe hata ukifufuka utakuwa unahesabu."

"Mimi napenda ule wa makofi."

"Toka hapa."

Walibishana kwa muda, wote kwa pamoja, kama watu waliokabidhiwa gari na hakuna aliyewahi kushika usukani. Mwalimu aliwaacha. Mwisho alisema kwamba wengi wanautaka, naye anautaka, ingawa hana ushahidi wowote wa kuonyesha, na kwamba wimbo utarekodiwa hivyo. Kama watu hawataguswa, hawataguswa. Kisha alimtazama Kipimo, akasema sauti ya pili wamepungua.

Kwa hiyo Kipimo alikwenda kusimama kwenye sauti ya pili, wakaurudia tena. Jirani yake alimgusa kiwiko akamnong'oneza, "Uko juu kidogo, Mama," akashusha. Aliimba maneno ya kaka yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alinyamaza mahali pa kunyamaza. Ilikuwa kazi, kama kazi nyingine, na aliifanya sawasawa.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na binti. Maduka yalikuwa yanafungwa, na mtu mmoja alikuwa anamwaga maji ya ndoo barabarani kutuliza vumbi. Binti alitembea upande wa ukuta.

"Shangazi."

"Naam."

"Ulimpenda baba?"

"Nilimpenda."

Binti alingoja. Walipita kinyozi, wakapita karakana ya baiskeli.

"Basi hivyo tu?"

"Ndilo nililonalo leo, mwanangu."

Binti aliwaza kidogo, akachukua mfuko wa shangazi yake, akaubeba yeye. Walipofika uani alikwenda moja kwa moja vyumba vya nyuma, na kupitia dirishani Kipimo alimsikia akimwambia mama yake kwamba wimbo utarekodiwa, na kwamba haukuwa mbaya, na wifi akiuliza nani kasema, na binti akijibu, "Wamesema wao."

Kipimo aliingia chumbani kwake, akaweka maji ya chai jikoni, akapiga magoti kando ya kitanda. Alisema, "Bwana, leo nimewaambia." Akangoja kuona kama kuna lingine la kuongeza. Halikuwepo. Alikaa hivyo hivyo magotini kwa muda, mikono imelala juu ya blanketi, mpaka maji yakachemka, akasema amina, akainuka kuyaepua.